Kutoka "Sensa Imekufa" hadi "Ishara Hazipatani": Lugha ya Kuchunguza Vihisi vya Taimingi katika Malori ya Dizeli Jijini Kigali

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna usomaji wa vihisi vya taimingi katika injini ya lori la dizeli unavyochunguzwa, na yanaonesha kuwa uchunguzi huo ni kazi ya lugha kama ulivyo kazi ya umeme na makanika. Hoja kuu ni kwamba msimbo wa hitilafu hueleza hali ya ishara, au uhusiano wa ishara mbili, ilhali kauli iliyozoeleka katika gereji hutaja kifaa na kukihukumu. Pengo hilo ndilo huchangia vipuri vizima kutupwa na hitilafu halisi kubaki. Kwa kuangalia mazingira ya Kigali, mahali ambapo shoroba mbili za usafirishaji hukutana na Kiswahili ni lugha rasmi tangu mwaka 2017, makala yanapendekeza kuwa uundaji wa istilahi za kiufundi uvuke orodha za nomino na kufikia kauli kamili. Sarufi ya Kiswahili tayari ina nyenzo za kutosha kwa kazi hiyo.

1. Utangulizi

Kigali haina bandari wala reli. Sehemu kubwa ya mizigo yake hufika kwa malori, ama kwa Ushoroba wa Kati unaotoka Dar es Salaam na kuingia Rwanda kupitia Rusumo, ama kwa Ushoroba wa Kaskazini unaotoka Mombasa na kupita Uganda. Kila safari kati ya hizo inazidi kilomita 1,400. Lori likiharibikia njiani au likifika Kigali likiwa dhaifu, wanaolishughulikia mara nyingi hawatoki nchi moja: dereva anaweza kuwa Mtanzania, mmiliki yuko Nairobi, fundi ni Mnyarwanda, na muuza vipuri amezoea majina ya Kifaransa. Lugha iliyo karibu zaidi na wote hao ni Kiswahili.

Kisera, hali hiyo ina msingi imara. Ibara ya 137 ya Mkataba wa Kuanzisha Jumuiya ya Afrika Mashariki inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya mawasiliano mapana itakayoendelezwa. Rwanda ilijiunga na Jumuiya hiyo mwaka 2007, na mwaka 2017 ilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, pamoja na Kinyarwanda, Kiingereza na Kifaransa. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao yake Zanzibar, imepewa jukumu la kuratibu maendeleo ya lugha hiyo katika nchi wanachama. Hata hivyo, mijadala ya utekelezaji imeelekea zaidi shuleni, bungeni na katika vyombo vya habari. Gereji imesahaulika, ingawa ndipo Kiswahili kinapotumika kila siku kuamua mambo yenye gharama na hatari.

Makala haya yanachukua kipengele kimoja chembamba cha kazi ya gereji, yaani usomaji wa vihisi vya taimingi. Kipengele hicho kimechaguliwa kwa sababu ndani yake tofauti kati ya kutaja kifaa na kueleza ishara huonekana waziwazi.

2. Neno "taimingi" na mabadiliko ya maana yake

Kwa fundi aliyejifunza kazi katika injini za zamani, taimingi ni kitu kinachosetiwa kwa mkono. Pampu ya dizeli ilifungwa kwenye injini kwa kulinganisha alama, ikazungushwa kidogo mbele au nyuma, kisha ikakazwa. Kauli "kuseti taimingi" ilimaanisha tendo la fundi, na matokeo yake yaliweza kusikika katika mlio wa injini na kuonekana katika moshi.

Mfumo wa reli ya pamoja, ambamo dizeli hukaa katika bomba moja lenye shinikizo kubwa na kila nozeli hufunguliwa kwa amri ya umeme, ulibadili jambo hilo. Kampuni ya Denso ya Japani ilianza kuutumia katika malori ya Hino mwaka 1995. Katika injini za namna hiyo, wakati wa kunyunyiza dizeli hukokotolewa na kompyuta ya injini. Fundi hana boliti ya kuzungusha. Anachoweza kufanya ni kuhakikisha kuwa kompyuta inapata taarifa sahihi kuhusu mahali pistoni zilipo.

Neno limebaki lilelile, lakini maana imehama kutoka tendo hadi uhusiano. Fundi anayesema "taimingi imetoka" anaweza kumaanisha kuwa gia zimefungwa vibaya, kuwa kompyuta haipati ishara, au kuwa injini ina moshi tu. Hali hizo tatu zinahitaji matengenezo matatu tofauti. Huu ni mfano wa neno lililotumikia vizuri teknolojia moja na kurithiwa na nyingine bila maana yake kuwekewa mipaka mipya.

3. Kinachosomwa na vihisi viwili

Injini ya lori ina mihimili miwili inayohusika hapa. Krankishafti huzungushwa na pistoni na kupeleka nguvu kwenye giaboksi. Kamshafti hufungua na kufunga valvu, nayo huzunguka mara moja kila krankishafti inapozunguka mara mbili. Mzunguko kamili wa kazi wa injini ya mipigo minne ni nyuzi 720 za krankishafti. Katika injini ya silinda sita, silinda moja huwaka kila baada ya nyuzi 120.

Kihisi cha krankishafti hutazama gurudumu lenye meno, mara nyingi kwenye flaiwili. Mpangilio mmoja unaotumika sana una nafasi 60 za meno, mbili kati yake zikiwa tupu. Kila nafasi ni nyuzi 6, na pengo la meno mawili huiambia kompyuta kuwa mzunguko umeanza upya. Kihisi hiki hujibu swali la kasi na mahali, lakini hakiwezi kujua kama pistoni iliyo juu iko katika mgandamizo au inatoa moshi, kwa kuwa hufika juu mara mbili katika mzunguko wa kazi. Jibu hilo hutoka kwa kihisi cha kamshafti. Kompyuta hulinganisha ishara hizo mbili, na upatano wao ndio unaoiruhusu kuamuru nozeli ifunguke.

Usahihi unaohitajika ni mkubwa. Injini ikiwa katika mizunguko 600 kwa dakika, uzi mmoja wa krankishafti huchukua takriban milisekunde 0.28, ikifika mizunguko 2,000, huchukua takriban milisekunde 0.08. Sikio la fundi hodari haliwezi kupima tofauti hiyo. Hapo ndipo mashine ya kupimia inapokuwa ya lazima, na ndipo lugha ya mashine hiyo inapoingia katika gereji.

Kimaumbile, vihisi hivi ni vya aina mbili kuu. Aina ya kwanza ni ya sumaku na koili, kwa kawaida yenye nyaya mbili zinazobeba ishara. Hutengeneza volteji yake yenyewe, na volteji hiyo hupanda kadiri kasi inavyoongezeka. Aina ya pili hutumia kanuni ya Hall, kwa kawaida ina nyaya tatu, hulishwa umeme na kompyuta, nayo hutoa ishara ya mraba inayopanda na kushuka kati ya viwango viwili. Kuchanganya aina hizi ni kosa la gharama: kipimo cha ukinzani kinachofaa kwa koili hakielezi chochote cha maana kuhusu kihisi cha Hall.

4. Msimbo unasema nini

Misimbo ya hitilafu huandikwa kwa viwango vya kimataifa. Katika magari madogo na baadhi ya malori ya wastani hutumika misimbo inayoanza na herufi P. P0335 huhusu saketi ya kihisi cha krankishafti. P0340 huhusu saketi ya kihisi cha kamshafti. P0016 huhusu upatano kati ya mihimili hiyo miwili. Neno la kuzingatiwa katika misimbo miwili ya kwanza ni "saketi". Saketi ni kihisi, nyaya, soketi, ethi na mlango wa kompyuta kwa pamoja. Msimbo hausemi ni kipi kati ya hivyo kimeharibika. Msimbo wa tatu haumlaumu mmoja. Unasema wawili hawapatani.

Malori mazito hutumia zaidi kiwango cha SAE J1939, ambacho hugawanya taarifa ya hitilafu katika sehemu mbili. Namba ya kwanza hutaja kinachozungumziwa. Kwa mfano, 636 ni kihisi cha nafasi ya injini, na mwongozo wa mtengenezaji ndio unaobainisha ni kihisi kipi hasa katika injini husika. Namba ya pili hutaja namna ya hitilafu. Namba 2 ni data inayoyumba, inayokatika au isiyo sahihi; 3 ni volteji iliyozidi; 4 ni volteji iliyopungua; 5 ni mkondo uliopungua au saketi iliyokatika; 6 ni mkondo uliozidi au saketi iliyogusa ethi; 7 ni mfumo wa kimakanika usioitikia au uliotoka katika mpangilio; 8 ni masafa ya ishara yasiyo ya kawaida.

Kwa mtaalamu wa lugha, muundo huu unafahamika: namba ya kwanza ni kiima na ya pili ni kiarifu. Msimbo wa lori ni sentensi. Anayesoma 636 bila kusoma namba inayofuata amesoma kiima akaacha kiarifu, na kiarifu kilichokosekana atakijaza mwenyewe. Mara nyingi hukijaza kwa neno "imekufa".

5. Hatua za uchunguzi

Mfano wa kubuni unasaidia kuonesha hatua hizo. Lori limetoka Rusumo, likapanda vilima vya mashariki mwa Rwanda, likazimika ghafla kabla ya Kayonza. Baada ya nusu saa likawaka, likafika Kigali, na likafikishwa Gatsata, eneo linalojulikana kwa gereji zake. Mashine imeonesha 636 ikifuatwa na 2.

Hatua ya kwanza ni kumsikiliza dereva. Taarifa kwamba injini ilizimika ikiwa moto na kuwaka ilipopoa ina thamani kuliko vipimo vingi, kwani waya uliokatika ndani ya koili huweza kuachana unapotanuka kwa joto na kugusana tena unapopoa. Hatua ya pili ni kuandika misimbo yote kabla ya kuifuta, pamoja na kutenganisha ile iliyopo sasa na ile iliyohifadhiwa. Fundi anayeifuta kwanza amepoteza ushahidi.

Hatua ya tatu ni betri. Malori mengi mazito hutumia volti 24. Stata ikizungusha injini polepole kwa sababu ya betri dhaifu, kihisi cha koili hutoa volteji ndogo mno na kompyuta huandika kuwa ishara haipo. Hatua ya nne ni kutazama kasi ya injini kwenye mashine wakati stata inazunguka. Ikiwa injini inazunguka na mashine inaonesha sifuri, ishara ya krankishafti haifiki kwenye kompyuta.

Hatua ya tano ni macho na mikono: soketi iliyoingia maji, waya uliokauka karibu na ekzosi, kihisi kilicholegea na kuongeza nafasi kati yake na meno, au vumbi la chuma lililonatia kwenye sumaku yake. Hatua ya sita ni vipimo. Kwa koili, ukinzani hupimwa swichi ikiwa imezimwa. Mara nyingi huwa kati ya mamia kadhaa ya ohmu na zaidi ya elfu moja, na kiwango halisi hutoka katika mwongozo. Katika mfano wetu, kipimo kifanywe kihisi kikiwa baridi na kirudiwe kikiwa moto, maana lori lililalamika likiwa moto. Kwa kihisi cha Hall, hupimwa umeme unaokilisha, ethi, na ishara inayotoka. Waya zikiwa zimewahi kuunganishwa upya, mpangilio wake uhakikiwe: waya mbili za koili zikibadilishana nafasi, ishara hupinduka na kompyuta huweza kukosea mahali pa jino.

Hatua ya saba ni osiloskopu, inayochora ishara zote mbili kwa pamoja. Pengo la meno likionekana mahali pasipo pake kulinganishwa na ishara ya kamshafti, umeme umekwisha kuthibitishwa kuwa mzima na tatizo ni la kimakanika: gia zilizofungwa vibaya, gurudumu la meno lililohama, au flaiwili iliyolegea. Kubadilisha vihisi hapo hakusaidii kitu. Hatua ya mwisho ni kulijaribu lori chini ya mzigo na joto lilelile lililoleta hitilafu.

Kuna pia tahadhari ya kijiografia. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na shinikizo la hewa huko ni pungufu kwa takriban moja ya sita ya lile la Dar es Salaam au Mombasa. Lori lenye turbo iliyochoka linaweza kutoa moshi mweusi na kukosa nguvu Kigali ingawa pwani lilionekana zima. Dalili hizo husababisha shutuma kwa taimingi wakati chanzo ni hewa.

6. Kauli za gereji na nguvu ya sarufi

Neno "sensa" lina umaarufu mkubwa kuliko "kihisi" katika gereji za ukanda huu. Lina dosari moja: katika Kiswahili sanifu sensa ni hesabu ya watu. Muktadha huondoa utata huo, na hakuna fundi atakayedhani kuwa injini imehesabiwa watu. "Kihisi" kina faida ya kujieleza chenyewe, kwa kuwa kimetokana na kitenzi "hisi" na kiambishi cha vifaa. Tatizo kama hilo hulikabili neno la Kiingereza la msimbo: likitoholewa kuwa "kodi", litagongana na malipo ya serikali na ya nyumba. Mijadala ya istilahi hupenda kukaa hapa, katika uchaguzi wa nomino. Mfano wa Kayonza unaonesha kuwa nomino si kiini cha tatizo. Fundi akisema "sensa imekufa" au "kihisi kimekufa", lori halitanufaika kwa tofauti hiyo.

Tatizo ni kiarifu. "Imekufa" ni hukumu ya mwisho yenye kiambishi cha hali timilifu. Haiachi nafasi ya waya, betri au gia. Inapopelekwa kwa simu kwa mmiliki aliye Nairobi, hugeuka agizo la kununua. Kihisi kipya kikifungwa na lori likazimika tena mlimani, lawama humwendea muuza vipuri, kisha fundi, kisha dereva. Uzito wake si wa fedha pekee: lori lenye mzigo likizimika kwenye mteremko au kona hupoteza msaada wa injini katika usukani na breki, na watumiaji wengine wa barabara huwa hatarini.

Kiswahili kina uwezo wa kutamka kila kiarifu cha mashine kwa usahihi na kwa ufupi. Ukanushi hutenganisha "ishara haipo" na "ishara haitoshi". Kiambishi cha mazoea pamoja na cha masharti huzaa "ishara hukatika kihisi kikipata moto", sentensi inayobeba hitilafu na mazingira yake kwa pamoja. Kauli ya kutendana inabeba maana nzima ya P0016: "ishara hazipatani". Kinyarwanda, ambacho ni lugha ya kwanza ya mafundi wengi wa Kigali, kina kauli hiyohiyo na kiambishi kilekile. "Gukundana" ni kupendana. Fundi Mnyarwanda hahitaji kufundishwa dhana ya kutendana. Anahitaji kuoneshwa kwamba mashine yake inaitumia.

7. Mapendekezo

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwanza. Inaweza kusemwa kuwa misimbo ni namba za kimataifa, kwamba mashine huonesha Kiingereza au Kifaransa, na kwamba Kiswahili hakina kazi hapo. Hoja hiyo ni sahihi kuhusu fundi na mashine. Haiwi sahihi pale fundi anapomweleza dereva, dereva anapomweleza mmiliki, na mmiliki anapotoa fedha. Namba zibaki kama zilivyo. Maelezo yanayoziambatana yawe ya Kiswahili kilichokubaliwa. Wala si lengo kukiondoa Kinyarwanda katika gereji za Kigali. Kiswahili kinahitajika pale kazi inapovuka mpaka.

Kwa msingi huo, mambo manne yanapendekezwa. Kwanza, asasi za istilahi, ikiwemo Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na Baraza la Kiswahili la Taifa la Tanzania, ziandae kauli sanifu fupi kwa kila namna ya hitilafu katika J1939, badala ya kuishia kwenye majina ya vipuri. Pili, istilahi hizo zijaribiwe na mafundi kabla ya kuchapishwa, na maneno yaliyokwisha kuota mizizi kama stata, flaiwili na nozeli yakubaliwe. Tatu, iwepo fomu moja ya ukurasa mmoja ya makabidhiano ya lori, yenye msimbo kamili, mazingira ya hitilafu, vipimo vilivyofanywa, na hukumu ya fundi ikiwa ya mwisho. Nne, vyuo vya ufundi vya nchi wanachama vitahini uwezo wa kueleza kipimo kwa maneno pamoja na uwezo wa kukifanya.

8. Hitimisho

Usomaji wa vihisi vya taimingi umeonesha kuwa mashine ya kupimia hutoa sentensi zenye kiima na kiarifu, na kwamba makosa mengi ya uchunguzi huanza pale kiarifu kinapopotea. Sera ya lugha iliyokifanya Kiswahili kuwa rasmi nchini Rwanda itapimwa pia kwa mambo ya namna hii: kama fundi wa Gatsata na mmiliki wa Nairobi wanaweza kusoma fomu moja na kuelewa jambo lilelile kuhusu lori lilelile. Sarufi ya kazi hiyo ipo tayari. Kilichobaki ni asasi husika kukaa na mafundi na kuziandika kauli hizo.